Kiongozi Anayestahimili Habari Mbaya

Waheshimiwa wakuu wa taasisi, ndugu wakurugenzi na wakuu wa idara, maofisa mipango, maofisa takwimu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna viongozi wanavyotumia takwimu kuboresha huduma kwa umma. Kompyuta nitazitaja kidogo sana. Sehemu kubwa ya mazungumzo yangu itahusu vikao, itahusu hofu, na itahusu lile swali ambalo kiongozi hulirudia baada ya wiki mbili. Katika kuzitazama taasisi zilizofaulu na zilizoanguka, nimefikia jambo moja ninaloliamini kwa dhati: takwimu hubaki za kweli, na huzaa matunda, pale tu kiongozi anapoweza kupokea habari mbaya bila kumwadhibu aliyeileta.

Tuanzie chini, kwa yule anayeandika. Muuguzi wa kituo cha afya anahudumia wagonjwa kutwa nzima, na kila mmoja anamwandika kwenye rejesta: ya wagonjwa wa nje, ya kliniki ya wajawazito, ya chanjo, ya dawa zilizotoka. Mwisho wa mwezi anakaa na kalamu anajumlisha. Jumla zinapanda ngazi, zinajumlishwa tena huko juu, zinachorewa chati, zinaishia kwenye ripoti ya mwaka yenye jalada zuri. Sasa muulizeni muuguzi huyo ni lini takwimu zake zilimrudia zikiwa na swali, au pongezi, au katoni ya dawa iliyokuwa imemwishia. Wengi watawaambia hazijawahi kurudi. Mtu anayeandika namba miaka nenda miaka rudi bila kuona zimefanya kazi gani, siku moja ataanza kuzikadiria, na mimi siwezi kumlaumu. Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba hakuna anayezisoma.

Vyombo vya kupandisha takwimu vimepiga hatua kubwa. Mfumo wa DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, leo unatumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, na Kenya iliuweka mtandaoni kwa nchi nzima mwaka 2011. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, mfumo unaozipandisha namba kwa dakika chache unaweza pia kuziacha zikae huko huko juu. Safari ya kushuka haina programu inayoifanya yenyewe. Inafanywa na kiongozi.

Ngoja niwape mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaonyesha namba zikishuka hadi kwa mtu anayemgusa mgonjwa. Mwaka 2004, katika jimbo la Michigan, Marekani, Daktari Peter Pronovost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walichagua tatizo moja tu: maambukizi yanayoingia kwenye damu kupitia mirija inayowekwa katika mishipa mikubwa ya wagonjwa mahututi. Namna ya kuyazuia ilishajulikana. Kunawa mikono, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, yaani dawa ya kuua vijidudu, kumfunika mgonjwa na kuvaa mavazi kamili ya kujikinga, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mrija mara tu usipohitajika. Mambo matano, hakuna hata moja la kumshangaza daktari. Tatizo ni kwamba hayakuwa yakifanyika yote, kila mara, kwa kila mgonjwa.

Walifanya nini? Muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, ilimradi hali si ya dharura. Kila wodi ilihesabu maambukizi yake, na hesabu hiyo ikarudishwa kwao katika vikao vya kila mwezi, wakaiona wao wenyewe. Wodi 103 zilitoa takwimu zao. Ukizipanga wodi zote kuanzia ya chini hadi ya juu, ile ya katikati ilikuwa na maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mirija kabla ya mpango kuanza. Baada ya miezi mitatu, ile ya katikati ilikuwa na 0. Ikabaki 0 kwa muda wote wa ufuatiliaji wa miezi 18, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Maisha ya watu yaliokolewa kwa sabuni, karatasi ya kuhakiki hatua, na namba iliyorudi kwa wenyewe.

Naomba tulitazame hili bila haraka. Kipimo kilikuwa kimoja. Aliyekipima alikuwa na uwezo wa kukibadilisha. Kilirudi kwake upesi, angali anakumbuka mwezi uliopita ulikuwaje. Na yule muuguzi alilindwa alipofungua mdomo. Hilo la mwisho ndilo wengi wetu hulisahau, kwa sababu halionekani kwenye chati. Bila hilo, namba ingebaki palepale huku kila mtu akijua sababu na akinyamaza.

Sasa tupande kwenye ofisi kubwa. Tangu mwaka 1994 polisi wa jiji la New York, chini ya kamishna William Bratton, walikuwa wakifanya vikao vya kila wiki walivyoviita CompStat. Makamanda walikaa mbele ya ramani za uhalifu za maeneo yao wakaulizwa wanafanya nini. Martin O'Malley alipochaguliwa kuwa meya wa Baltimore mwaka 1999, alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye taka, maji, barabara na makazi, akaliita CitiStat. Kila baada ya wiki mbili mkuu wa idara alisimama mbele ya ofisi ya meya huku takwimu za idara yake zikiwa ukutani: malalamiko yaliyoingia, yaliyoshughulikiwa, utoro wa wafanyakazi, malipo ya saa za ziada. Jiji lilitoa ahadi kwa wakazi kwamba shimo la barabarani likiripotiwa litazibwa ndani ya saa 48. Mwaka 2004 mpango huo ulipata tuzo ya Harvard ya ubunifu serikalini.

Wageni walimiminika Baltimore kujifunza. Wengi wao walirudi makwao wakajenga ukumbi kama ule, wakanunua projekta, wakaajiri wachora chati, na mambo yakabaki kama yalivyokuwa. Robert Behn wa Harvard, aliyeichunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi, amesisitiza kwamba kiini chake ni uongozi, kwamba vifaa na ukumbi ni sehemu inayoonekana tu. Nakubaliana naye kabisa. Nguvu ya kikao kile ilikuwa katika kikao kilichofuata. Mkuu wa idara alijua kwamba baada ya wiki mbili ataulizwa: mlisema mtaongeza gari la taka upande ule, je, limeongezwa? Malalamiko yamepungua? Kama hayajapungua, basi huenda tatizo halikuwa gari. Sasa mnadhani ni nini?

Lile swali la mwisho ndilo uongozi wenyewe. Kiongozi anayeuliza "mnadhani ni nini" anaitafuta sababu. Kiongozi anayeuliza "ni nani" anamtafuta mkosaji. Wote wawili wanatazama chati ileile, na baada ya mwaka mmoja watakuwa na taasisi mbili zisizofanana hata kidogo.

Nasema hivyo kwa sababu ushahidi upo, na unaanzia kule kule New York. Watafiti waliowahoji maofisa wastaafu wa polisi ya jiji hilo waliambiwa kwamba shinikizo la vikao liliwafanya baadhi ya watu kuyaandika makosa makubwa kana kwamba ni madogo. Chati ikapendeza. Aliyeibiwa alibaki ameibiwa.

Mfano mchungu zaidi ni wa hospitali za maveterani, yaani askari wa zamani, wa Marekani. Wizara iliweka lengo kwamba mgonjwa aonwe ndani ya siku 14, na lengo hilo likaunganishwa na tathmini na marupurupu ya mameneja. Mwaka 2014 mambo yakafumuka huko Phoenix, Arizona. Wakaguzi walichukua sampuli ya wagonjwa 226 waliokuwa wakisubiri kumwona daktari kwa mara ya kwanza. Hospitali ilikuwa imeripoti wastani wa kusubiri wa siku 24. Wakaguzi walikuta ni siku 115. Zaidi ya hapo, maveterani 1,700 walikuwa wakisubiri bila hata kuwemo kwenye orodha rasmi. Waziri Eric Shinseki alijiuzulu Mei 30 mwaka huohuo. Siwafikirii makarani walioziandika namba zile kuwa watu wabaya. Walipewa lengo lisilofikika kwa madaktari waliokuwepo, wakaona yanayowapata wanaosema ukweli, wakafanya kilichowezekana: wakairekebisha namba.

Elimu nayo ina kisa chake. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 kuhusu shule za Atlanta uliwataja walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, waliohusishwa na kubadilisha majibu ya mitihani ya wanafunzi. Fikirieni mtoto aliyehitaji msaada wa kusoma, ambaye karatasi yake inasema amefaulu. Nani atamsaidia? Mchumi Charles Goodhart alitoa onyo la aina hii mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale unapowekewa shinikizo ili utumike kuongoza mambo. Wazee wetu walilisema kwa ufupi zaidi: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kumuuliza ofisa takwimu kama namba zake ni sahihi, jiulizeni ni lini mara ya mwisho mtu aliwaletea namba mbaya kwa hiari yake, na mlimfanyia nini. Taasisi nzima ilikuwa inatazama. Ile saa moja baada ya habari mbaya kuingia ofisini ina uzito kuliko mafunzo ya wiki nzima ya ufuatiliaji na tathmini.

Wakati mwingine habari mbaya hutoka nje ya taasisi, na hapo mtihani huwa mkubwa zaidi. Katika mji wa Flint, Michigan, chanzo cha maji kilibadilishwa Aprili 2014, mji ukaanza kutumia maji ya mto. Wakazi walilalamika: rangi, harufu, vipele kwa watoto. Wakajibiwa kwamba maji ni salama. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alikwenda kwenye kumbukumbu za vipimo vya damu ambazo hospitali ilikuwa nazo tayari. Akalinganisha kabla na baada. Watoto wa chini ya miaka mitano wenye madini ya risasi kupita kiwango walikuwa asilimia 2.4 kabla, baada ya mabadiliko wakawa asilimia 4.9. Alitangaza matokeo yake ya kwanza Septemba 24, 2015. Maofisa wa jimbo walimpinga hadharani, kisha baada ya siku chache wakapitia takwimu zao wenyewe, wakakuta yuko sahihi. Oktoba mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani. Kinachonisumbua katika kisa hiki ni kwamba takwimu zilikuwepo. Hazikuhitaji kukusanywa upya. Kilichokosekana kwa miezi mingi ni kiongozi aliyeyachukua malalamiko ya wananchi kuwa ni taarifa.

Malalamiko ni takwimu. Hayajapangwa kwenye jedwali, lakini ni takwimu, na mara nyingi hufika mapema kuliko ripoti ya robo mwaka.

Lakini nayo yanaweza kudanganya, kwa namna yake. Jiji la Boston liliwahi kutengeneza programu ya simu iliyohisi mtikisiko wa gari likipita kwenye shimo na kupeleka taarifa yenyewe. Wazo zuri sana. Ila wenye simu janja na magari hawakuwa wametawanyika sawa katika jiji. Mitaa ya watu maskini na ya wazee ingetoa taarifa chache, na asiyekuwa makini angedhani barabara za huko ni nzuri. Waliohusika walilitambua hilo wakalishughulikia. Swali linabaki kwetu sote: katika ripoti iliyo mezani kwako, nani hayumo? Kituo ambacho hakijaleta malalamiko hata moja kwa miezi sita huenda kinafanya kazi vizuri. Huenda pia watu wake wameshakata tamaa, au hawajui pa kulalamikia, au wanamwogopa mhudumu. Namba ya sifuri ina maana zote hizo, na huwezi kuzitofautisha ukiwa umekaa ofisini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname: nenda, kaa kwenye foleni, uliza.

Wastani nao unaficha watu. Wakiambiwa kwamba muda wa wastani wa kusubiri ni dakika 40, wengi huridhika. Lakini huenda wanane wamesubiri dakika kumi kila mmoja na wawili wamesubiri dakika 160 kila mmoja; wastani wake ni huohuo. Hao wawili ni akina nani? Pengine ni waliotoka mbali, au waliokuja bila karatasi fulani, au mama mwenye mtoto mlemavu. Mimi hupenda kuanzia kwa hao wawili, kwa sababu ndiko mfumo unakovujia.

Kuna hatari nyingine ambayo lazima niitaje kwa uzito. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi iliwashuku maelfu ya wazazi kwamba wamedanganya ili kupata posho ya malezi ya watoto, ikawadai warudishe fedha zote, wengine makumi ya maelfu ya yuro. Mfumo wa kompyuta ulisaidia kuwachagua wa kuchunguzwa, na kutokuwa na uraia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa viashiria vya hatari. Watu walipoteza nyumba, ndoa zilivunjika. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 15, 2021. Wale wazazi walikuwa wamejaribu kueleza kwa miaka, lakini kila dirisha waliloliendea lilikuwa na jibu kutoka kwenye skrini. Takwimu za kuboresha huduma ni jambo moja. Takwimu za kumhukumu mtu mmoja mmoja ni jambo jingine kabisa, na zinahitaji sheria, ulinzi wa taarifa binafsi, na binadamu mwenye mamlaka ya kusema kwamba mashine imekosea. Kama hamna mtu huyo, msiuwashe mfumo.

Nimesema namba zishuke kwa mhudumu. Sasa naomba zishuke zaidi, hadi kwa mwananchi mwenyewe. Uganda ina mfano ambao ningependa kila mkuu wa idara ya fedha aujue. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali kuu ilikuwa ikiipeleka kwa shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani, shule zilipokea asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa matumizi yao yasiyo mishahara. Shule nyingi hazikupokea chochote. Vitabu vya makao makuu vilionyesha fedha zimetoka, na ni kweli zilikuwa zimetoka. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Wapo wachambuzi waliosema, kwa haki, kwamba mageuzi mengine ya wakati huo yalichangia, na siwezi kuupa ukuta na gazeti sifa yote. Hata hivyo, mzazi aliyesoma tangazo lile alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: alijua kiasi gani cha kuulizia, na kwa nani.

Jambo hilo liligharimu karatasi na wino. Liligharimu pia ujasiri, kwa maana serikali ilichapisha ushahidi ambao ungeweza kuiumbua yenyewe.

Najua mnachokisubiri. Mnataka kujua tuanzie wapi, na wengine mmeshaanza kufikiria bajeti ya seva. Ombi langu ni dogo kuliko hilo. Chagueni huduma moja ambayo wananchi wanailalamikia zaidi. Kaeni na watu wanaoitoa, wale wa dirishani, wa wodini, wenye spana mkononi, muwaulize kipimo kipi kingewaonyesha wao wenyewe kama mambo yanabadilika. Huenda watakataa kile mlichokuja nacho. Wasikilizeni, kwa sababu wanajua ni wapi kinaweza kuchezewa. Kihesabuni kwa daftari kama kompyuta haipo. Wekeni kikao cha kila baada ya wiki mbili, cha saa moja, na mkuu wa taasisi ahudhurie mwenyewe. Siku atakapoanza kumtuma msaidizi, watu watajua jambo limekwisha. Mtu mmoja aandike kilichoahidiwa, na kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kusoma orodha hiyo. Na kile kikao cha kwanza ambacho namba itakuwa imeporomoka, mkuu amshukuru aliyeileta mbele ya wote, kisha waanze kuitafuta sababu pamoja.

Msitegemee mabadiliko katika mwezi wa kwanza. Mara nyingi namba huanza kwa kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa watu wameanza kuandika yale waliyokuwa wakiyaacha. Waelezeni hilo mapema wanaowasimamia ninyi, mawaziri, madiwani, wajumbe wa bodi, kabla hawajaiona chati. Waambieni kwa maandishi kwamba katika miezi mitatu ya kwanza malalamiko yaliyosajiliwa yataongezeka na kwamba mmeyataka yaongezeke. Barua hiyo iandikeni wiki hii, kabla ya kununua kifaa chochote.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.